Televisheni ya Chumba cha Mama

Kiharusi kilipompiga mama kilimnyang'anya mkono wa kulia, mguu wa kulia, na sebule. Kwa mkono na mguu tulilia siku ileile. Habari ya sebule sikuielewa mpaka baadaye, jioni moja aliponiita kwa ule ukali wake wa zamani ambao nilidhani umekwenda na mkono.

Tunaishi Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nyumba yetu ni ya udongo, mabati juu, sebule mbele na vyumba viwili nyuma. Mama alikuwa katika chumba cha upande wa kisima, na mlangoni pake palikuwa na pazia tu. Sebule ndiyo duka langu: madumu ya mawese huku, magunia ya unga wa muhogo kule, viti vya plastiki katikati, na televisheni ukutani. Kitanda cha mama hakikuwa na pa kukaa hapo. Na hata pangekuwapo, mwenyewe alikataa kulazwa mbele ya wateja pamoja na bidhaa.

Jioni watu walikuja. Wengine walikuja kununua, wengine kumjulia mgonjwa hali, na wengi, tuseme ukweli, walikuja kutazama televisheni. Waliingia kwanza chumbani, wakamshika mama ule mkono usiohisi, wakaomba kwa sauti kubwa, kisha wakarudi sebuleni na kuvuta viti. Mchezo wa kuigiza ulianza, watu wakacheka. Mama alisikia kicheko, hakujua kinachochekwa.

Jioni ile aliniita mpaka nikaacha mteja na dumu mkononi.

"Munacheka nini huko?"

Nikamwambia ni upuuzi tu, wanawake wawili wanamgombania mwanamume asiye na maana.

"Basi miye niko maiti? Munakuya kuniombea huku, kisha munaenda kuishi kule."

Maneno yalimtoka polepole, ulimi ukiwa mzito upande mmoja, lakini yalifika. Nikamwambia nitamletea redio. Akageuza uso ukutani. Redio aliisikiliza miaka yote, alisema, tangu kwetu. Alitaka kile tunachotazama sisi, saa ileile, si kingine. Nikauliza kama nimtafutie televisheni yenye mambo yake mwenyewe, achague nyimbo za kanisa kutwa nzima. Alinitazama kwa lile jicho zima na sikuuliza tena.

Mimi si mtu wa subira. Wanaonifahamu sokoni watakuambia. Lakini kwa jambo lile nilijua mama ana haki, na nilikasirika kwa kuwa sikuliona mapema.

Kaka yangu ndiye aliyenipa njia. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, na hakukimbia nasi. Alibaki kwetu Uvira, akisema lazima mtu mmoja alinde kiwanja cha baba. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio na televisheni. Nilimwelezea shida ya mama kwa ujumbe wa sauti, naye akanijibu palepale, nyuma yake nyundo za jirani zikigonga.

"Dada, usiuze dekoda ya pili. Dekoda moja inatosha. Picha inatoka mu dekoda na waya moja. Ile waya unaiingiza mu splita, splita inaigawa mara mbili. Moja inaenda ku televizio ya sebule, ingine kwa mama. Ile munaona, na ye anaona. Mukicheka, na ye anacheka."

Alisema "usiuze" akimaanisha usinunue, ndivyo tunavyosema kwetu. Televisheni ya pili tulikuwa nayo tayari, ndogo, ya zamani, ya jirani aliyepata safari ya kwenda ng'ambo na watoto wake akatuachia vyombo. Ilikuwa imelala juu ya kabati imefunikwa kwa kitambaa. Kilichokosekana ni hiyo splita na waya mrefu wa kutoka sebuleni hadi chumbani.

Nilikwenda mjini Mbarara siku ya kufuata mzigo wangu, kwa njia ya Kabingo. Katika duka moja la vitu vya umeme, kijana mmoja aliniuzia waya mfupi wenye kichwa kimoja upande huu na vichwa viwili upande ule. Akasema ndiyo splita yenyewe. Nilirudi nimefurahi, nikafunga kila kitu mbele ya mama. Televisheni kubwa ikaonyesha picha, ndogo ikabaki nyeusi. Nikazima kubwa, ndogo ikawaka. Nikawasha kubwa tena, zote mbili zikaanza kupepesa, kisha giza.

Kaka alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

"Wamekupiga. Ile si splita, ile ni mukia mubili tu. Splita ya kweli ni kisanduku, na iko na umeme yake pekee. Bila umeme yake picha inakosa nguvu ya kwenda fasi mbili."

Nilirudi Mbarara safari nyingine nikiwa na ule mkia wangu kwenye mfuko. Kijana aliponiona alianza kutafuta kitu chini ya meza, akiniita nyabo, ndiyo bibi kwa lugha ya huko.

"Nyabo, hiyo nilikupa ni sawa. Wewe nafunga vibaya."

"Mimi nafunga vibaya? Njoo Nakivale ufunge wewe."

"Nakivale iko mbali."

"Kwangu pia iko mbali, na nimekuja."

Wateja wengine waligeuka. Mimi sauti yangu ni ya soko, sikuipunguza. Mwishowe alitoa kisanduku cheusi, kidogo kuliko kiganja, chenye tundu moja la kuingia, mawili ya kutoka, na waya wake wa umeme. "Hii iko na pawa yake, nyabo. Hii hata mimi natumia nyumbani." Nikamwomba aiwashe na televisheni mbili za dukani kwake kabla sijaondoka. Aliziwasha. Picha ilikaa pande zote mbili, mtangazaji yuleyule akifumba na kufumbua midomo mara mbili. Nilisimama pale nikitazama kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani haikukubali mara moja. Televisheni kubwa ilikuwa ya kisasa, ndogo ilikuwa ya zamani, na picha ile kali iliyoifaa kubwa ilikuwa nzito kwa ndogo. Kaka akaniongoza kwa simu, hatua kwa hatua, niingie kwenye mipangilio ya dekoda, niteremshe ubora mpaka pale ndogo inapoweza kushika. Picha moja haiwezi kwenda kali huku na hafifu kule, alisema. Inakwenda sawasawa, na inafuata aliye mnyonge. Nikateremsha. Chumbani kwa mama pakawaka.

Mjomba wetu, mdogo wake mama, mzee wa kanisa na msemaji wa ukoo wetu hapa kambini, ndiye aliyekipigilia kisanduku juu, karibu na dari, akakizungushia nailoni kwa ajili ya panya. Waya aliupitisha ukutani, akaufukia kwa udongo mbichi. Kazi ilipoisha alikaa mbele ya televisheni kubwa na kukunja uso.

"Picha imepoteza nguvu. Sasa macho ya mugonjwa ndiyo yatatupangia batu bote?"

"Ndiyo, mujomba," nikasema. "Macho yake."

Jioni hiyo mchezo ulipofika mahali pa kuchekesha, tulicheka sebuleni, na kutoka nyuma ya pazia kikatoka kicheko kingine, cha upande mmoja, chenye mate ndani yake. Watu wakageukia pazia. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku yoyote tangu tuvuke mpaka, na sioni aibu kusema hivyo kwa sababu ya kisanduku cha plastiki. Baada ya hapo mama akawa mtu wa sebuleni tena. Aliwagombeza waigizaji kwa sauti, sisi tukamjibu. Aliwauliza wageni wamemwonaje yule mwanamke mjinga, nao wakamwelezea kupitia pazia. Rimoti yake aliilaza chini ya mto, na mkono wa kushoto ukajifunza.

Mara moja tu tulikigusa kisanduku. Mgeni mmoja alivuta waya akitaka kuchaji simu, televisheni zote mbili zikazimika, na zilikataa kuelewana tena siku nzima mpaka kaka alipotuongoza upya. Mjomba akatoa amri kwamba mtu asipeleke mkono pale juu.

Nilikuwa Rugaaga kununua ndizi nilipopigiwa. Alikuwa mke wa kaka. Hakusema "habari". Alisema jina la mumewe, akalia, akalisema tena. Wenye bunduki walimkuta barabarani akitoka kutengeneza televisheni ya mtu. Hakuna aliyejua ni wa upande gani, na huko kwetu watu wameacha kuuliza. Nilikaa chini kwenye majani ya ndizi. Mwenye shamba, mama wa Kinyankore ambaye tulikuwa tukibishana bei dakika hiyohiyo, alikuja akakaa kando yangu. Namshukuru mpaka leo.

Nilipofika Rubondo mjomba alikuwa amesimama nje ya mlango wangu. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanipeleka nyuma ya choo ili mama asitusikie.

"Hatajua. Bado."

Nitaeleza, kwa sababu si wote wanaoishi hivyo. Kwetu mama haambiwi kifo cha mwanawe kwa simu, wala kwa mdomo wa mtu mmoja. Watu wa kanisa huja asubuhi na mapema, kabla hajaanza siku. Mwanamke mwenye nguvu hukaa nyuma yake ili ampokee akianguka. Mkubwa wa ukoo huanza mbali, huzunguka, kisha hufika. Wanawake wengine husubiri nje ya chumba, na kilio cha mama kikitoka wote hukiingia, asikibebe peke yake. Ni desturi nzuri. Nimeiona ikiwasaidia watu. Lakini kwa mgonjwa husubiriwa mpaka apate nguvu, na nani atapima hizo nguvu ni jambo ambalo desturi haisemi.

Nilimwambia mjomba kwamba mama yangu si mtoto.

"Daktari ya Mbarara alikuambia nini?" akauliza. Alijua jibu, tulikwenda pamoja. Daktari alisema presha ikipanda vile tena haitachukua nusu, itamchukua mzima. "Ukimuambia leo, kesho tutazika batu babili. Utaweza kuzika babili?"

Sikuweza. Nilinawa uso kwa maji ya jerikani, nikaingia ndani kumpa mama uji.

"Mukubwa yako alipiga?" akaniuliza. Aliuliza hivyo kila siku.

"Bado. Mtandao wa kule umeanguka."

Huo ndio ulikuwa uongo wetu, nikauvaa kila asubuhi pamoja na kitenge. Mtandao umeanguka. Umeme umekatika. Amekwenda mbali kwa kazi. Mama aliitikia kila mara, na kila mara nilitoka chumbani nikiwa na hasira na mjomba, na daktari, na kaka mwenyewe aliyebaki kulinda kiwanja.

Kisha ikaja video ya mazishi.

Hilo nalo lina desturi yake, na hiyo hatukutoka nayo kwetu, tumeizoea tukiwa wakimbizi. Ukoo umetawanyika. Mmoja yuko Nakivale, mwingine Kampala, mwingine mahali penye theluji. Hakuna anayeweza kurudi kuzika. Kwa hiyo mtu huchukua picha kuanzia maiti inapotoka nyumbani hadi kaburi linapofunikwa, na video hutumwa kwa wote. Hapa tunakusanyika, tunaiweka, tunaitazama mwanzo hadi mwisho tukiwa tumekaa chini. Hakuna kuruka mahali, hakuna kusimamisha. Udongo ukianza kutupwa wanawake hulia. Asiyeona udongo ukitupwa, kwetu tunasema huyo bado hajazika.

Wanawake wa kanisa walitaka iwekwe. Na haikuwezekana kuiweka kwingine. Maiti ya mtoto huingia kwa mama yake, hata ikija ndani ya simu. Basi mjomba akapanga: waje mchana kana kwamba wanakuja kumwombea mgonjwa, waimbe kidogo kwa sauti ya chini, kisha watazame. Wasilie kwa kelele. Aliwaambia mmoja mmoja kanisani, na walikubali, maskini. Nimehudhuria misiba mingi lakini sijapata kuona watu walioombwa kulia bila sauti.

"Na ile ya ndani?" nikamwuliza mjomba. "Inaonyesha kile tunachoona sisi."

"Utaizima."

"Afadhali nichomoe waya wake huko juu."

"Usiguse kule!" akasema. "Ukichomoa zote mbili zitakufa, na batu banatoka mbali. Zima tu."

Nikaingia, nikamwambia mama betri ya sola imeshuka, tuache televisheni moja ipumzike, wageni wamekuja kuomba. Nikaizima kwa kidole, kwenye kitufe chake cha ubavuni. Alinitazama nikifanya hivyo. "Sawa," akasema. Nikamgeuza alalie ubavu, uso kwenye ukuta, nikavuta pazia mpaka mwisho. Hakuna kati yetu aliyeifikiria rimoti. Mkono mmoja wa mama ulikuwa umekufa, na sisi tulikuwa tumeshauhesabu na wa pili.

Nikachomeka flashi yenye video kwenye dekoda.

Picha ilikuwa safi. Hilo liliniudhi, na linaniudhi hata sasa. Aliyechukua alikuwa na simu nzuri na mkono usiotetemeka. Niliona uzi uliolegea kwenye kola ya mchungaji. Niliona matope kwenye viatu vya waliobeba sanduku, na mvua ndogo ikikaa juu ya mbao bila kuingia. Mke wa kaka alikuwa amefungwa kitambaa cheusi, wanawake wawili wakimshika, akaanguka, wakamwinua, akaanguka tena. Kwaya iliimba bila ngoma. Mlima ulikuwa uleule nyuma ya makaburi, ambao mimi niliuona mara ya mwisho nikiwa nimebeba sufuria kichwani.

Sebuleni watu walikuwa wamejiziba midomo kwa vitenge. Mabega yalitikisika. Mwanamke mmoja aliuma mkono wake mwenyewe. Niliyakaza meno mpaka masikio yakauma, na macho yangu yalikuwa yakitoka kwenye picha yakienda kwenye pazia, yakirudi. Nyuma ya pazia palikuwa kimya. Nikasema moyoni, amelala, Mungu asante.

Sanduku likashuka. Udongo ukatupwa, kwanza na mke, kisha watoto, kisha watu ambao sikuwajua. Tukalia bila sauti. Mjomba alipiga magoti akasali kwa mnong'ono, na nikaona jinsi shati lilivyomlowa mgongoni. Sikumchukia wakati ule. Kisha video ikafika mwisho, dekoda ikarudi kwenye orodha yake ya chaneli, na watu wakatoka mmoja mmoja, wakinunua unga njiani ili jirani asishangae.

Kesho yake mama hakuuliza kama kaka amepiga. Wala siku iliyofuata. Nilimwambia mjomba, naye akainua mikono juu. Alisema Mungu amemfunika akili mahali palipouma, atatupa muda. Nami nilitaka kuamini hivyo. Nilikuwa nimechoka kutunga habari za mtandao. Mama alikula, alikunywa dawa, jioni aliwasha televisheni yake, lakini hakuwagombeza tena waigizaji. Tulipocheka sebuleni hakuna kilichotoka nyuma ya pazia. Nilidhani ni ugonjwa unaendelea na kazi yake.

Zikapita wiki. Daktari wa Mbarara akasema presha imekaa vizuri, akampongeza. Mjomba akasema sasa.

Walikuja asubuhi, umande ukiwa bado kwenye mabati. Wanawake walijaa sebuleni wakiwa wamejifunga vitenge kiunoni, tayari. Mmoja, mnene, mwenye mikono ya kulima, alipanda kitandani akakaa nyuma ya mama, akamwegemeza kifuani pake. Mimi nilisimama miguuni. Mjomba alivuta kigoda, akakaa, akaanza mbali kama inavyotakiwa. Alianza na safari yetu, jinsi Mungu alivyotuvusha. Akataja baba yetu. Akataja watoto, mmoja baada ya mwingine, akiusogelea ule mlango.

Mama alimsikiliza muda mrefu. Kisha akainua mkono wa kushoto.

"Ndugu yangu, pumzika. Miye nilishamuzika."

Mjomba alisogeza kigoda nyuma.

"Siku ile mulisema betri imeisha," mama akasema. "Nilisikia kwaya ya kwetu. Wale batu ya hapa habaimbake vile. Nikageuka, nikawasha. Sauti nikaiondoa yote, yenu ilitosha."

Alizungumza polepole. Alisema alimwona mkwe wake akianguka. Alisema aliona mlima. Alisema aliona sanduku ni jipya na zuri, na anashukuru walionunua. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, ambaye kazi yake ilikuwa kumpokea akianguka, alikuwa ameanza kutetemeka yeye, mpaka mama naye akatikisika juu ya kifua chake.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ya soko sikuipata. "Juu ya nini haukulia?"

"Ningelia, mungezima. Na alikuwa hajafika ku kaburi."

Sebuleni mtu alianza kilio, akanyamazishwa. Mjomba aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Nilitaka kumwambia kitu kibaya, nilikuwa nacho tayari mdomoni, lakini mama alikuwa bado hajamaliza.

"Nikatafuta mutu mwenye atatupa udongo kwa jina yangu," akasema. "Mama kama hayuko, mutu anatupa yake. Nilingoja. Bale bote balitupa, hakuna mwenye alitupa yangu. Labda balisahau. Mvua ilikuwa inanyesha."

Akaniambia niondoe kitenge kilichotundikwa ukutani kando ya kitanda. Nikakiondoa. Nyuma yake, kwenye udongo wa ukuta, palikuwa na shimo linaloweza kuingia ngumi, limekwaruzwa kwa kucha.

"Nilitoa hapo. Nikatupa ku televizio." Alitazama mkono wake wa kushoto, akaukunja, akaukunjua. "Hii haina nguvu. Haikufika. Ilianguka hapa, juu ya shuka, nikalala juu yake. Asubuhi weye ukaondoa shuka. Ukanigombeza, ukasema niko nakula mikate ku kitanda kama mutoto."

Ni kweli nilisema hivyo. Naikumbuka shuka yenyewe. Niliitoa nje nikaikung'uta mbele ya mlango, na kuku wakaja mbio, wakadonoa, wakaona ni udongo, wakaenda zao.